Blanketi Lililofika Altareni Bila Kutumwa

Ni saa moja asubuhi, Ijumaa, na ukungu bado umeukalia mlima. Kutoka mlangoni kwa Yusta Hoza, juu ya barabara ya Soni kwenda Bumbuli, huoni hata migomba ya jirani. Yeye mwenyewe yuko jikoni, kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kuelekea motoni, anafumua sweta.

Sweta hilo ni la pinki, la mtumba, limetoboka viwiko vyote viwili. Yusta amekwisha kulitenga mikono na kifua. Sasa ameipata ncha ya uzi na anavuta. Uzi unatoka mstari baada ya mstari, trrr, trrr, na sweta linapungua mapajani mwake kama kipande cha sabuni siku ya kufua.

"Huyu mzungu alikuwa na kifua!" anasema, akicheka peke yake. "Hapa napata matuta manne. Nikibana, matano."

Matuta ndiyo jina lake la vile vipande vya mraba anavyofuma kimoja kimoja, kisha anaviunganisha kuwa blanketi. Anasema vikishashikana na kutandikwa, ni kama kuutazama mlima wa ng'ambo, pale kabichi, pale karoti, pale mtu amelima maharage na kusahau kupalilia.

Mbele yake ameketi binti yake wa pekee, Jesca, mikono ameinua kama anayesalimu amri. Uzi unazungushwa kwenye mikono hiyo.

"Mama, mikono imekufa ganzi."

"Ganzi utaikuta Njombe. Nyoosha."

Kesho asubuhi Jesca anapanda basi. Amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni huko Njombe, ambako Julai hii umande unaganda kwenye majani. Kila mwanafunzi anatakiwa kufika na blanketi lake. La Jesca halijaisha. Matuta yaliyokwisha kufumwa yamepangwa juu ya mkeka, na katikati na pembeni bado pana mapengo mengi.

Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Siku za kawaida Yusta huufua, akaufunga mafungu, akautundika na jiwe dogo kwa chini mpaka unyooke. Wiki hii hakuna jua la kuukausha. Mafungu yananing'inia juu ya mafiga, yananuka moshi, na mengine anayafuma yakiwa bado na mawimbi.

"Yatakuwa na vichuguu," anasema, akilipapasa tuta moja. "Lakini baridi haiangalii vichuguu."

Jambo linalomuuma ni kwamba blanketi lilikuwepo. Lilikamilika Jumamosi iliyopita, na lilikuwa zuri. Kufika Jumapili mchana lilikuwa na mwenyewe mwingine, na aliyelipeleka huko ni Jesca kwa mikono yake hiyo hiyo.

Yusta ana miaka arobaini na minne. Kufuma alijifunza akiwa msichana, kwenye darasa la akina mama la usharika, kwa mwalimu aliyekuwa akiwachapa vidole kwa sindano wakiruka kitundu. Mwalimu huyo ni Secilia, ambaye siku hizi kila mtu anamwita Bibi Secilia.

Halafu ikaja ile miaka ya foleni, madukani hakuna sabuni, hakuna chumvi, seuze uzi wa sufu. Sindano zake zikapotea moja moja. Akajitengenezea nyingine kwa spoki za baiskeli, akizisugua ncha kwenye jiwe la kunolea panga. Anazo mpaka leo, na ukimletea za dukani anazisifia kisha anazirudisha kwenye mfuko wake.

"Mitumba ilipofunguliwa, watu waliona nguo," anasema. "Mimi niliona uzi."

Leo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, maduka ya Soni yamejaa. Blanketi jipya, laini, lenye picha ya chui, linauzwa shilingi elfu tano. Yusta akifuma sweta la mtoto mchanga anapata mia sita, na masweta hayanunuliwi kila gulio. Ndiyo maana nyumbani kwake hakitupwi kitu. Mikono ya sweta iliyochakaa inakuwa soksi. Kitambaa kilichogandamana kwa kufuliwa na maji ya moto kinakatwa kuwa ndara za ndani. Vifungo vinatoka kwenye kipande cha kibuyu, vimetobolewa kwa msumari wa moto. Nyuzi fupi zisizofaa kitu zinashindiliwa kwenye mto.

Mumewe, Severin, alikuwa mchochea moto katika kiwanda kimoja cha chai. Wafanyakazi walipopunguzwa naye alipunguzwa, na miaka miwili baadaye kifua kikamchukua. Aliacha sweta la kazi, zito, la kijani cha chupa. Lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango miaka mitatu. Yusta hakulivaa, hakuligawa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Matokeo ya Jesca yalipotoka, akalishusha.

"Nilikaa nalo mapajani tangu chai ya asubuhi mpaka mbuzi wakarudi," anasema. "Nilijua nikiupata uzi wa kwanza nikavuta, basi, Severin hana sweta tena. Kisha nikajiambia, sweta lipo msumarini linampa nani joto?"

Akavuta. Uzi ule haukumtosha kwa matuta, kwa hiyo akaufanya pindo, mstari mpana wa kijani ukizunguka blanketi zima pande zote nne, kama uzio.

"Baba yake amzungukie," anasema, kisha anainamia kazi yake.

Jesca alipoliona alitabasamu kwa adabu. Lilikuwa na rangi kama kumi na tano. "Mama, wataniita kinyonga," alisema. Yusta anakumbuka alimjibu kwamba kinyonga hajawahi kufa kwa baridi, ingawa hana uhakika kama ni kweli.

Jumapili hiyo walitaka Jesca aombewe safari. Yusta akaona blanketi nalo liende kanisani, mchungaji akimwekea mtoto mkono kichwani, mtoto awe amelishika. Njiani kulikuwa na manyunyu. Akalikunja, akalilaza ndani ya kapu, na juu yake akapanga mayai ya sadaka ili yasigongane. Akafunika na jani la mgomba. Hesabu yake ilikuwa kwamba wakati wa sadaka atayatoa mayai, na blanketi litabaki kapuni.

Lakini Yusta ni mwanakwaya. Sadaka ilipotangazwa, kwaya ilisimama kuimba na yeye ndiye anayeshika sauti ya pili. Akamwonyesha Jesca kwa jicho, peleka sadaka. Jesca akanyanyua kapu zima, akapita katikati ya kanisa, akaliweka altareni kati ya mikungu ya ndizi na kuku aliyefungwa miguu, akapiga goti, akarudi kukaa.

"Nilikuwa kwenye ubeti wa tatu," anasema Yusta. "Sauti ilikuwa inatoka, lakini mimi nilishaondoka. Shemeji yangu alinikanyaga mguu nikarudi."

Kwa wenyeji wa usharika huu, kitu kikishawekwa altareni hakirudi nyuma. Baada ya ibada hutolewa nje, kikanadiwa, na anayekitaka anakinunua, hata kama kilitoka shambani kwake. Mnada huo hauna ukuta. Walioshuka sokoni husimama, Waislamu na Wakristo, wakanunua maharage na mayai, wakataniana.

Mnadi ni Mzee Rubeni, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yusta alimkimbilia kabla hajaanza, akamnong'oneza kwamba lile blanketi si sadaka.

"Limepita wapi, Mama Jesca?" aliuliza Rubeni.

"Limepita altareni, lakini…"

"Basi halina mwenyewe. Linunue."

Yusta hakubishana. Anasema angeweza kupaza sauti, lakini aliona watu wote wa kijiji wamesimama pale, naye ni mwanakwaya, na neno lingekwenda mpaka Bumbuli kwamba amempokonya Mungu kitu mdomoni.

Rubeni aliinua kapu juu. "Mayai haya! Yamelazwa kitandani kama wagonjwa wa hospitali! Nani atawachukua na kitanda chao?"

Watu walicheka. Selemani, muuza mitumba wa Soni, alikuwa anapita na furushi lake begani, akalitua. Akalishika blanketi, akaligeuza upande wa nyuma kama anavyofanya mtu anayejua nguo, akataja bei.

"Mgosi, wewe wa mitumba unataka cha kwetu?" Rubeni alimchokoza, akimwita bwana kwa Kisambaa.

"Cha kwenu kinatoka kwenye furushi langu! Rangi hii ya njano naikumbuka, sweta lake nililitupa mimi!"

Yusta akafungua fundo la kanga yake, akaongeza kidogo. Selemani akaongeza, hakujua kwamba ni la mtoto. Ndipo sauti nyembamba ikatoka kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Bibi Secilia, amekaa kwenye jiwe, fimbo kati ya magoti, alitaja bei iliyomfanya hata Rubeni amwombe airudie.

Selemani alivua kofia. "Shikamoo, bibi. Hapo nimeshindwa."

"Marahaba. Na usirudi."

Yusta alikuwa bado na kitu kidogo kwenye fundo. Akalifunga. Hakuweza kushindana na mwanamke aliyemfundisha kushika sindano.

Jesca aliombewa siku hiyo akiwa mikono mitupu. Njiani, walipofika kwenye daraja la miti, akaanza kulia. Yusta anasema hakumgombeza. Aliona mtoto anayelia hivyo amekwisha kujigombeza.

Jumatatu Yusta alimkamata kuku wake mmoja, mweupe, akamtia kwapani, akapanda kwa Bibi Secilia. Nia yake ilikuwa abadilishane, kuku kwa blanketi, na kueleza kila kitu.

Alimkuta bibi amekaa nje, amejifunika blanketi hilo kuanzia kichwani. Pua tu ndiyo ilionekana. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na alikuwa anatembeza vidole kwenye matuta, moja baada ya jingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Yusta. Nilijua mkono wako tangu pale kanisani. Kila tuta unalimaliza kwa vitundu viwili pamoja, kama nilivyokuchapa." Akacheka. "Nikasema huyu mtoto amemtolea Mungu kitu kikubwa, hakiwezi kwenda kwa mtu asiyejua alama yake. Nimetoa hela yangu ya sanda. Acha nipate joto kabla ya sanda."

Akamwambia pia kwamba tangu mwezi wa tano hajalala usiku mzima kwa baridi, na kwamba jana amelala.

Yusta alisimama pale na kuku wake. Bibi akauliza huyo anayepiga kelele ni nani. Yusta akasema, "Ni kuku, bibi. Nimekuletea."

Anaposimulia hapo anaweka sindano chini, anajifuta macho kwa kanga, kisha kicheko kinamshinda.

"Nilikwenda kurudisha blanketi. Nikarudi bila blanketi na bila kuku."

Kesho yake Selemani alifika na furushi la masweta yaliyochanika. Alikuwa amekwisha kusikia habari kwa wanawake waliomwona Jesca akilia njiani. Akalibwaga mlangoni, akakataa hela.

"Ningejua ni la mtoto, ningefunga mdomo, Mama Jesca," alisema. "Hata mimi nina binti."

Yusta alichagua moja moja. Huanza kwa kuangalia mshono wa ubavu. Sweta lililofumwa kwa umbo lake hufumuka uzi mmoja mrefu mpaka mwisho. Lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani hukupa vipande vifupi vifupi, mstari mmoja mmoja, na hilo huenda moja kwa moja kwenye mto. Katika furushi lile, yaliyofaa hayakuwa mengi, na la yule mzungu wa pinki ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Jumatano akaja Mzee Rubeni kuuliza kwa nini Yusta amekosa mazoezi ya kwaya. Aliingia jikoni akakuta mikono ya Jesca imefungwa uzi kama mateka. Kabla Yusta hajapata uongo wa kusema, Jesca alikwisha kumwambia yote, pamoja na sweta la baba yake na pindo la kijani.

Rubeni aliokota tuta moja mkekani, akalirudisha mahali pake. Kisha akasema, "Sheria ya altare ni sheria. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuchekesha watu."

Yusta alimwapisha asimwambie Bibi Secilia. Rubeni akaapa, mkono kifuani.

"Na mzee yule," anasema Yusta, akivuta uzi wa pinki, "hajafunga kinywa tangu abatizwe."

Ijumaa hii inakwenda hivyo hivyo, kufumua, kukunja, kufuma. Mchana anakula kiporo cha ugali kwa mkono mmoja. Jioni anaanza kuunganisha matuta kwa sindano ya kushonea magunia. Jesca anapika, anafunga sanduku, anarudi kukaa karibu na mama yake. Hajawahi kupenda kufuma. Leo anauliza, kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyoanza.

"Leo?" anasema mama yake. "Miaka yote hiyo, uulize leo?"

Lakini anamsogezea sindano mbili za spoki na kumwonyesha. Jesca anafuma mistari michache, inatoka imekaza kama kamba ya kufungia mbuzi.

Jumamosi, stendi ya Soni. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, na basi la Dar es Salaam linanguruma huku utingo akipandisha magunia ya kabichi. Jesca amelishika blanketi jipya kifuani. Matuta yote yapo, na yamekamatana. Halina pindo. Kingo zake zinajikunja kwa ndani pande zote, na kona moja imeanza kuachia. Yusta anaishikilia kwa vidole kama mtu anayeziba ndoo inayovuja.

"Litafumuka njiani," anasema. "Bila pindo litafumuka."

Kwenye mteremko wa soko watu wanampisha mtu. Ni Bibi Secilia, na fimbo yake, na nyuma yake Mzee Rubeni amebeba kikapu, anaangalia pembeni asikutane na macho ya Yusta.

Bibi amejitanda blanketi mabegani. Rangi zote zipo, isipokuwa kijani.

"Pindo hufumwa mwisho, kwa hiyo ndilo la kwanza kufumuka," anasema kabla hajasalimiwa. "Nilitafuta ncha yake kwa vidole tangu Alhamisi. Wewe unaficha ncha vibaya sana, nilikufundisha au sikukufundisha?" Anaingiza mkono ndani ya kanga, anatoa donge la uzi wa kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto. "Matuta ni yangu, nimeyanunua. Baba wa mtu hanunuliwi."

Yusta anapiga goti pale pale kwenye tope. Jesca ndiye anayesema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Shika."

"Bibi, muda wa kulifuma haupo. Basi linaondoka."

"Wewe unakwenda mbali au karibu?"

"Mbali, bibi."

"Basi muda upo."

"Mimi sijui kufuma."

"Vidole unavyo?"

Rubeni anafungua kikapu. Ndani kuna mayai ya kuchemsha. Yule kuku mweupe, anasema, ameanza kutaga Jumatano, na safari hii yameletwa bila kitanda. Yusta anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Jesca anapanda, anakaa dirishani. Yusta anasimama nje kwa ncha za vidole, mikono imepita dirishani, anamshikisha sindano mbili za spoki na uzi wa kijani kwenye kona iliyoachia. Anaokota vitundu vya kwanza pamoja naye. Ingiza hapa. Zungusha. Toa. Usikaze.

"Mama," anasema utingo, "tushone au tuondoke?"

"Ngoja kidogo, mwanangu, nafunga kona."

Kona inafungwa. Basi linajivuta, linaingia kwenye ukungu kuelekea Mombo. Abiria wengine wanapunga mikono madirishani. Jesca hapungi. Ameinamisha kichwa, na mikono yake ina kazi.

Yusta anabaki amesimama mpaka mlio wa basi unapotea kwenye kona za mlima. Akiulizwa anatumaini nini, hafikiri sana. Anataka Desemba ifike, mtoto arudi na blanketi.

"Nitaangalia pindo kabla sijaangalia ripoti ya shule," anasema. "Likiwa limepinda pinda, nitafurahi, nitajua amelifuma mwenyewe. Likinyooka sana, nitamuuliza aliyemfumia ni nani."

Kisha anamshika Bibi Secilia mkono, wanaanza kupanda. Hatua chache tu, Yusta anasimama, anaupima ukingo wa blanketi la bibi kwa shibiri. Nao umebaki bila pindo, na baridi ya Agosti iko mbele. Jumatatu ataanza, anasema. Uzi uliobaki nyumbani ni wa yule mzungu tu.

"Rangi gani?" anauliza bibi.

"Pinki."

Bibi Secilia anatembea kidogo akilifikiria hilo.

"Sawa," anasema. "Lakini mwambie Rubeni asilinadi nikiwa nimelivaa."